Mateka wa Mzee Bakari

Nina sanduku la bati ambalo mume wangu amenisihi mara nyingi nilitupe. Ni la kijani, kona zake zimeliwa na kutu, bawaba moja imelegea, na ukilifungua linalia kelele za kuudhi. Mimi humjibu kwamba atatoka yeye kwanza ndipo litoke sanduku, na naona siku hizi hajaribu tena. Ndani yake, chini ya vitenge na vyeti vya shule, kuna harufu ambayo haijaisha kwa miaka yote hii: harufu ya risasi ya kulehemu iliyoyeyushwa, rangi ya mafuta na mkaa. Ni harufu ya banda la fundi bati. Mwezi uliopita nilipigiwa simu asubuhi, nikaenda kulifungua kutafuta kitenge fulani, na harufu ile ikanipanda puani. Nikakaa sakafuni, mtu mzima na miwani yangu, nikalia.

Aliyelitengeneza nilimchukia kuliko mtu yeyote duniani. Nasema kweli tupu. Nilikuwa na miaka minane, na mtoto wa miaka minane akichukia, anachukia bila haya.

Sikuzaliwa Songea. Baba yangu alikuwa mwalimu kanda ya ziwa, na huko ndiko nilikoanzia shule. Alipofariki, mama alipata nafasi ya kusomea uuguzi mkoa mwingine, akanileta Songea kwa mama yake mzazi. Alikaa siku tatu tu. Siku ya nne tulimsindikiza stendi, akapanda basi, akatoa kichwa dirishani akawa anasema, "Narudi, Deta. Narudi, mama." Basi likaondoka. Mama mdogo Tekla alipunga mkono, Bibi alipunga mkono, hata watu nisiowajua walipunga mikono. Mimi nilijifunza siku ile kwamba mtu wako anaweza kupakiwa kwenye chombo akachukuliwa mchana kweupe, na watu wazima wote wakasimama pale wakitabasamu.

Basi nikabaki na Bibi. Alikuwa mwanamke wa mifupa mikubwa, mwenye kicheko cha kusikika mpaka nyumba ya tatu, rozari shingoni na kikopo cha ugoro kwenye pindo la kitenge. Nyumba yake ilikuwa Majengo, shamba lake Maposeni, kwa hiyo ukumbini kwake hapakukosekana mahindi. Tulipukuchua mahindi mpaka vidole gumba vikaota sugu. Kila nilipoingia jikoni nilimkuta, kila nilipotoka nilimwona. Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba huyu hatapanda basi.

Jumamosi ya kwanza nikiwa pale, kengele ya baiskeli ililia nje, na mwanamume mwembamba mwenye kofia nyeupe ya kufuma akaingia moja kwa moja hadi uani.

"Hodi sipigi!" akapaza sauti. "Mwenye mali habishi hodi kwenye ghala lake."

Bibi hakuinua hata macho kutoka kwenye ungo. "Deta, ficha kuku. Wayao wameingia mjini."

Mtu yule alipita jikoni, akafunua sufuria, akachomoa kiazi kwa vidole, akala, akasema chumvi imezidi. Kisha akakalia kigoda cha Bibi, kile ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nimekatazwa kukikalia. Ndipo akaniona.

"Na hiki ni nini?"

"Mjukuu wangu. Mtoto wa Agnesi."

"Loo! Wangoni mnazidi kuongezeka tu. Tutawarudisha lini wote?"

Bibi akaniamuru nimwamkie. Nikasema shikamoo. "Marahaba, mjukuu wa mateka," akajibu. Alipoona nimetoa macho akasogeza kigoda. "Kwani hujaambiwa? Bibi yako huyu ni mali yetu. Bibi yake mzaa mama alikamatwa na babu zako kule kwetu Wayao, upande wa Namasakata, kaenda zake kuchota maji. Wakambeba na mtungi wake. Sasa mimi nimekuja kumfuata mtu wetu. Iko siku utaamka, utaita Bibi, Bibi, kimya! Nimeshampakia kwenye keria, huyoo, tumevuka Ruvuma."

Akainyooshea kidole baiskeli yake. Kwenye keria palikuwa na gunia lililokunjwa vizuri na kufungwa kwa mpira, tayari kwa mtu kukaa.

"Baiskeli hiyo?" Bibi akasema. "Haivuki hata mtaro wa mbele ya nyumba."

Hakusema "mwongo huyu". Hakusema "usiogope, mjukuu wangu". Alisema tu kwamba baiskeli ni mbovu, na baiskeli mbovu hutengenezwa.

Huyo ndiye Mzee Bakari, fundi bati wa karibu na sokoni. Alikuja kila Jumamosi, na kila Jumamosi alisema maneno yale yale. Nilimwuliza mama mdogo Tekla kwa nini Bibi anamruhusu mtu huyu, akanijibu huku ana uzi mdomoni, maana alikuwa fundi cherehani, "Si mtani wake huyo," kana kwamba amemaliza kila kitu. Mimi utani niliujua wa shuleni: unamtania mtu, mnacheka, yameisha. Hawa walikuwa hawacheki. Walitukanana kwa nyuso kavu, kwa utulivu, kama watu wanaojadili mpaka wa shamba. Na kwa akili yangu, jambo ambalo mtu analirudia kila wiki bila kulibadilisha si mzaha, ni mpango.

Leo mimi ni mwalimu wa historia, na wanafunzi wangu husema nafundisha kama mtu anayegombana. Wana haki. Historia ya mji huu niliisikia kwanza kwa matusi, nimekaa kwenye kizingiti cha jiko, kabla sijaikuta kwenye kitabu ambamo walikuwa wameipunguzia chumvi.

"Wangoni gani nyie," Mzee Bakari angeanza. "Mmetoka kusini kwa miguu, mmevuka Zambezi, mmepita Nyasa, mmepigana na kila mliyekutana naye. Mlipofika hapa nyayo zinawaka moto, mkakaa chini mkasema hapa ndipo kwetu. Mngekuwa na viatu mngefika Misri!"

"Na sisi tulipofika nyie mlikuwa wapi? Mlikuwa juu ya mlima mnachungulia. Mmeacha ugali jikoni. Babu yangu akaukuta wa moto, akala, akasema ee, hawa vita hawajui, lakini ugali wanajua."

"Tulikuwa pwani kwenye biashara! Nani aliyewaletea shuka? Mlikuwa mnavaa ngozi."

"Mlikwenda na pembe za ndovu mkarudi na kanzu. Biashara gani hiyo?"

Wakitoka hapo walifika kwa Wajerumani na boma lao, kwa wamisionari waliowafundisha Wangoni kupanda kabichi, kwa tumbaku iliyokaushwa kwa moshi mpaka mji mzima ukawa unapiga chafya. Halafu walifika mpakani. Hapo Bibi ndipo aliposhika silaha yake kubwa. Mzee Bakari alizaliwa ng'ambo, Msumbiji, na alivuka mto akiwa kijana wakati wa vita vya kudai uhuru vya kule. Bibi hakuwahi kumwita jina lake hata siku moja. Alimwita Mkimbizi.

"Nani aliingia mji huu na shati moja mgongoni?"

"Moja, lakini lilikuwa na kola."

Siku moja tu niliwaona wakinyamaza. Mzee Bakari alikuwa amenogewa kweli kweli, akasema, "Nyie si ndio mliokunywa maji ya dawa mkaambiwa risasi za Mjerumani..." akakatisha. Mkono wa Bibi ulikuwa umesimama juu ya gunzi. Mzee Bakari akavua kofia, akaiweka gotini. "Na wetu walikuwemo," akasema kwa sauti ya chini. "Na wenu walikuwemo," Bibi akasema. Akainuka akammiminia chai, wakainywa. Nilielewa miaka mingi baadaye, shule ilipotupeleka kwenye makaburi ya wale mashujaa walionyongwa. Wakati ule nilidhani wanapanga safari.

Halafu likaja sanduku. Bibi alinituma bandani kwa Mzee Bakari na ndoo inayovuja, nikamkuta amepiga magoti mbele ya bati jipya, anakunja kona kwa nyundo ya mti. Lilikuwa sanduku kubwa. Mtoto kama mimi angeweza kujikunja ndani yake. Mkaa ulikuwa unawaka, chuma cha kulehemu kimekuwa chekundu, na aliyeyusha risasi kwenye mshono mpaka ikakimbia ikang'aa.

"Unaliona hili?" akaniuliza. "La Bibi yako. La safari."

"Safari ya wapi?"

Akamkonyeza fundi mwenzake. "Ng'ambo ya mto."

Nilirudi nyumbani mbio, ndoo nimeiacha huko huko. Sasa keria ipo, gunia lipo, sanduku la nguo zake linatengenezwa. Nilianza kulala nimeshika pindo la kitenge cha Bibi, na mara mbili tatu nilitoa upepo kwenye magurudumu ya baiskeli ile wakati mwenyewe anakunywa chai. Alijaza upepo akaondoka, huku akilalamika kwamba hewa ya kwa Wangoni inabana.

Masika ilipoanza Bibi akaugua. Alianza na kikohozi, kikashuka kifuani, akawa anavuta pumzi fupi fupi. Mama mdogo Tekla alimpeleka hospitali, wakarudi na dawa, akalala chumbani kwake ameegemezwa mito miwili. Sauti yake ilikuwa imepungua, hilo ndilo lililonitisha. Siku ya Alhamisi, baada ya uji, aliniita.

"Deta. Nenda kwa yule Mkimbizi. Mwambie mateka wake anaumwa, aje amwone. Mwambie nina neno naye."

Nilitoka. Nilikwenda mpaka karibu na banda, nikasimama nyuma ya mama muuza ndizi. Mzee Bakari alikuwa anafunga komeo kwenye sanduku. Lilikuwa limepakwa rangi ya kijani, limeshakamilika kabisa, na yeye alikuwa analifungua na kulifunga, anafungua, anafunga, akisikiliza. Nikamfikiria Bibi alivyolala, hawezi hata kuinua ungo. Huyu angembeba kwa mkono mmoja. Nikageuka nikarudi.

"Hayupo, Bibi," nikasema. "Wameniambia kaenda Namasakata."

"Namasakata?" Akanitazama. "Bila kuniaga?"

"Ndiyo wamesema hivyo."

"Haya," akasema. "Atarudi." Akageukia ukutani, na mimi nikamfunika miguu.

Jumamosi nilijua atakuja mwenyewe, nikamngoja kwenye kona ya mtaa tangu asubuhi. Akatokea na baiskeli yake, papai kubwa limening'inia kwenye usukani. Nilimwamkia vizuri kuliko siku zote. Nikamwambia Bibi amekwenda shambani Maposeni, na atakaa huko wiki nzima.

"Kanikimbia!" akacheka. "Wangoni hao! Mwambie nimekuja kumkamata nikakuta nyayo tu." Akalifungua papai kwenye usukani akanipa. "Mpe akirudi. Mwambie limetoka kwa mwenye mali."

Alipokata kona nikalitupa papai lile mtaroni. Nilipoingia ndani Bibi alikuwa ameinua kichwa. "Si kengele ya baiskeli ile nimeisikia?" Nikamwambia hapana, ni muuza maziwa. Alibaki na kichwa chake juu kidogo, anasikiliza, kisha akakirudisha juu ya mito yake. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilikaa kizingitini nikajiona askari mwenye ngao, peke yangu nimerudisha nyuma jeshi zima la Wayao.

Bibi alifariki Jumatatu mchana, mama mdogo Tekla ameshika mkono wake. Mama mdogo alipotulia kidogo alisema, akiongea peke yake, "Na mtani wake hakutokea. Ajabu hiyo." Nikarudi kukaa kizingitini, na safari hii sikujiona askari.

Mama aliwasili asubuhi ya mazishi, moja kwa moja kutoka stendi. Nyumba ilikuwa imejaa, akina mama wanasali rozari ukumbini, katekista anaongoza nyimbo. Jeneza lilipakiwa kwenye pikapu kwenda Maposeni. Gari likawashwa, halafu likasimama pale pale, maana katikati ya njia kulikuwa na baiskeli imelazwa, na mbele ya baiskeli alikuwa amesimama Bibi.

Hivyo ndivyo nilivyoona kwa nukta moja. Kitenge cha Bibi cha maua ya njano, kilemba chake, ungo wake kwapani, mkono kiunoni, mwendo wake ule wa goti bovu. Kisha nikaona ndevu. Mzee Bakari alikuwa amevaa nguo za Bibi, na alikuwa ananiita kwa sauti ya Bibi kabisa.

"Deta! Deta weye! Umekula?"

Watu wakapasuka kwa kicheko. Waliokuwa wanalia walicheka huku machozi yanawatoka. Mama yangu alicheka! Mama mdogo Tekla alimshika begani akacheka mpaka akakaa chini. Nilidhani wote wamerukwa na akili; sikujua bado kwamba mtani ndiye mwenye ruhusa ya kuvaa nguo za marehemu na kuchekesha watu msibani.

Mzee Bakari akatupa ungo, akalala chali mbele ya magurudumu ya gari. "Haendi mtu hapa! Mateka wetu huyu. Nimemngojea miaka yote, leo nimemkuta kalala, hana ubishi. Wangoni, fungueni njia. Leteni keria hiyo!"

Sikumbuki nilivyofika pale. Nakumbuka ngumi zangu kifuani pake, na kitenge kile kina harufu ya Bibi, ugoro na moshi, na mimi napiga. "Usimchukue! Usimchukue! Alikuita mimi nikasema hupo! Nilikudanganya hakwenda Maposeni, alikuwa ndani, alikuwa anaumwa! Nilikudanganya ili usimchukue!"

Wimbo ulikatika. Injini ilikuwa inanguruma peke yake mpaka dereva akaizima. Mzee Bakari akainuka, akakaa kwenye vumbi, kilemba kimemwangukia sikioni. Akanishika mikono yote miwili, si kwa nguvu.

"Alisemaje?"

"Alisema mateka wako anaumwa, uje umwone. Alisema ana neno na wewe."

"Neno gani?"

"Sijui."

Akanitazama. Machozi yalimtoka akayaacha yateremke tu, mwanamume mzima aliyevaa kilemba cha mwanamke, mbele ya watu wote wale. Mama alikuja kunivuta kwa aibu, mkono wake umeshainuka kunipiga, na Mzee Bakari akauzuia.

"Mwache, Agnesi. Mwache."

Kisha akasimama, akajifuta uso kwa pindo la kitenge cha Bibi, akawageukia watu. "Wangoni! Mmemwona huyu? Babu zenu walitujia na majeshi, na ngao za ngozi ya ng'ombe, ndipo wakatuweza. Mimi leo nimeshindwa na huyu, hana hata meno ya mbele!"

Mtu mmoja akacheka, halafu wengine. "Haya, bibi yenu nimewaachia," akasema. "Nendeni mkamzike. Lakini wallahi sirudi mikono mitupu. Mateka wangu kuanzia leo ni huyu." Akaniinua, akanikalisha kwenye keria ya baiskeli.

Gunia lile lilikuwa laini. Alinikokota nyuma ya pikapu iliyokwenda polepole mpaka barabara kuu, watu wakiimba. Hakunilaumu. Alisema tu, bila kugeuka, "Unajua nilipoingia mji huu na shati langu, watu walinikimbia? Kila mtu alidhani mkimbizi ni mwizi au mpelelezi. Bibi yako akatoka nje, akaniuliza mimi ni kabila gani. Nikamwambia Myao. Akapiga kelele mtaa mzima usikie: huyu ni mtani wangu, hakuna wa kumgusa, nitamtesa mwenyewe. Akanipa kibaraza chake. Ndipo nilipogongea bati langu la kwanza." Akakokota kidogo. "Nami nilikuwa na neno naye," akasema.

Wiki moja baadaye alileta sanduku. Lilikuwa la kijani, na juu ya kifuniko, kwa herufi nyeupe za mkono wake, palikuwa pameandikwa jina langu. Lilikuwa limeagizwa na Bibi. Alimwambia alitengeneze kubwa, kwa sababu mjukuu wake atasoma mpaka shule ya bweni na mtoto wa bweni anahitaji sanduku lenye komeo. Ndani yake Mzee Bakari alikuwa amekunja kile kitenge cha maua ya njano. "Hiki ni chako," akasema. "Mimi kinanibana."

Tangu hapo Jumamosi zilikuwa zangu. Alikuja, akafunua sufuria, akasema chumvi imezidi, akaniuliza mateka wake ameamkaje. Taratibu nikajifunza kumjibu. Nikiwa bweni aliniandikia barua za mistari miwili, zote za matusi. Siku ya harusi yangu alizuia gari la bwana harusi mpaka walipomletea jogoo. Katika miaka yote hiyo, na alikuwa mtu wa kukumbusha kila kosa la Wangoni tangu Zambezi, jambo lile hakuligusa hata mara moja. Mimi ndiye niliyebaki nalo. Wakati mwingine nasimama darasani, chaki mkononi, nawaza ni neno gani lile, na wanafunzi wanadhani nimesahau somo.

Simu ya mwezi uliopita ilitoka kwa mwana mkubwa wa Mzee Bakari. "Mtani," akasema, "mwenye mali wako ametutoka. Njoo upesi. Hatuwezi kumtoa mzee bila wewe."

Nilipomaliza kulia pale sakafuni nilikichukua kile kitenge cha maua ya njano, nikajifunga, nikaenda. Nyumbani kwake nilivua viatu, nikavaa kofia yake ya kufuma niliyoikuta msumarini, nikachukua nyundo yake ya mti, nikapita jikoni kwa waombolezaji nikafunua masufuria yote, nikasema chumvi imezidi. Wanawake walicheka mpaka wakashikana. Mwalimu mimi, mtu wa kuheshimika, natembea kwa mwendo wake ule wa kunyatia, namkonyeza kila mtu. Shehe alikunja uso kidogo, kisha akageuka upande akatabasamu.

Walipolitoa jeneza mlangoni nilikuwa nimeshailaza baiskeli langoni. "Haendi mtu hapa!" nikasema. "Mnampeleka wapi mkimbizi wetu? Aliingia na shati moja, leo mnamvika shuka nyeupe nzima, mmezitoa wapi kama si kwa Wangoni?" Nilikuwa nimeandaa mengine mengi njiani. Nilikuwa na ya Misri, nilikuwa na ya ugali. Yote nikayaacha. Wabebaji walikuwa wamesimama, wananingoja.

Nikasogea, nikainama karibu na kichwa chake, na nikasema kwa sauti ya kusikika na wote, maana utani hausemwi kwa kunong'ona: "Mzee Bakari, nimetumwa. Bibi anakuita. Anasema mateka wako anaumwa, uende ukamwone. Ana neno na wewe."

Watu wakacheka. Mmoja akasema huyu Mngoni hatari. Mwanawe alicheka akijifuta macho kwa kiganja.

"Nilichelewa njiani," nikamwambia mzee. Halafu nikainua baiskeli, nikawapisha.